Wifi Yangu na Tundu la Mwanga

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, kazini walimwita Sindano. Hakupewa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake, ingawa nao ulikuwa na ncha. Walimpa kwa ajili ya mikono. Alikuwa fundi wa maabara kwenye taasisi ya utafiti, na kazi yake ilikuwa kuingiza vinasaba ndani ya seli hai kwa sindano ya kioo, seli moja moja, akitazama kwenye hadubini. Sindano hiyo ni nyembamba kiasi kwamba kwa macho matupu huoni inapoishia. Ukiigusisha tu ukingo wa meza, imekwisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kueleza mambo mbele ya watoto wasiotulia, kwa hiyo nitajaribu. Seli ni chumba kidogo mno chenye ukuta laini wa mafuta. Ndani yake kuna vinasaba, yaani maelekezo yanayouambia mwili utengeneze nini na kwa namna gani. Mtu akizaliwa na maelekezo yenye kosa, mwili wake unalirudia kosa lilelile maisha yake yote. Watafiti wanatafuta jinsi ya kuingiza nakala sahihi mle ndani bila kuubomoa ukuta, na ukuta haumfungulii kila mpita njia. Wifi alikuwa anachoma, anasukuma kitone chenye vinasaba, anachomoa, na seli inaendelea na mambo yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenzake wengi walijaribu wakaishia kuua. Yeye alifanya huku akiimba chinichini.

Alipoolewa kwetu sikumpenda sana, niseme ukweli. Nilimwona ana maringo ya kimya. Alikunja nguo kama anafunga zawadi, akakata kitunguu mpaka unaona aibu kula. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba yale hayakuwa maringo. Mikono yake ilikuwa haijui kufanya kitu ovyo, basi.

Mama yake mzazi alikuwa tofauti. Nilimwona kwenye harusi, ameshika glasi ya maji kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga, na bado maji yalikuwa yanaruka. Nilidhani ni uzee. Kumbe ulikuwa mtetemo uliomwanza akiwa bado na nguvu zake, na mama yake yeye alikuwa nao pia. Wifi hakuwahi kulizungumza jambo hilo, na sisi hatukuuliza.

Basi asubuhi moja, akiwa kazini, aliona ncha ya sindano inacheza kwenye skrini ya hadubini. Kidogo tu. Akasubiri itulie, haikutulia. Akaona kasoro iko kwenye meza. Akaita mafundi wa majengo waje kuikagua, wakaikagua, wakaweka vipande vya mpira chini ya miguu yake. Ncha ikaendelea kucheza. Akazima kiyoyozi, akaacha kahawa, akabadilisha kiti. Siku alipoichana seli katikati, akaiona inamwaga vilivyomo ndani yake kama mfuko uliopasuka, aliondoa mkono, akauweka mapajani, akauangalia.

Mambo yalijulikana nyumbani kwao Jumapili moja mchana, nami nilikuwepo. Wifi alikuwa anamimina chai, na nusu ya chai ikaenda kwenye kisahani. Kaka yangu ni seremala, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Alikiangalia kisahani, akamwangalia mkewe.

"Mama watoto, hicho kikombe kimekukosea nini?"

"Kimejaa mno."

"Kimefika nusu."

Wifi akaweka birika chini. Kaka akauchukua mkono wake, akaulaza juu ya kiganja chake jinsi anavyopima ubao kama umenyooka. Sote watatu tukawa tunauona unavyotikisika.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Kazini wanajua?"

"Kazini wanajua meza ni mbovu."

Tukacheka, hatukuweza kujizuia, na katikati ya kicheko wifi akaanza kulia. Sikuwahi kumwona analia. Kaka hakumwambia anyamaze. Alivuta kiti karibu, akauacha mkono ule palepale kwenye kiganja chake mpaka chai ikapoa.

Kesho yake kaka alimsindikiza hospitali. Daktari wa mishipa ya fahamu alimchoresha duara kwenye karatasi, akamtembeza, akamwinamisha na kumwinua. Akasema ni mtetemo wa kurithi. Hautamuua, hautamlaza kitandani, na kuna dawa za kuupunguza. Wifi akauliza swali moja tu: je, utapungua kiasi cha yeye kurudi kwenye sindano? Daktari akavua miwani akaifuta.

"Mama, kwa kazi za kawaida, ndiyo. Kwa hiyo yako, sikudanganyi. Hapana."

Alinieleza baadaye kwamba neno lililomkaa kichwani njia nzima halikuwa hilo la hapana. Lilikuwa "hiyo yako". Maana aliona kwamba kuanzia saa hiyo si yake tena.

Mkuu wa maabara ni mwanamke mfupi asiyependa salamu ndefu. Wote wanamwita Profesa, hata mfagiaji. Wifi aliingia ofisini kwake akiwa ameshajipangia maneno ya kuaga.

"Profesa, nimekuja kukwambia mkono wangu umeniacha."

"Nilijua ulipoanza kuisingizia meza."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja uniambie mwenyewe. Labda nilikosea kungoja." Profesa akasogeza kompyuta pembeni. "Kaa. Chumba cha pili pale kuna mwenzetu ana mashine inayotoboa seli bila mkono wa mtu. Shida yake ni kwamba kila anachotoboa kinakufa."

"Kwa hiyo nikamsaidie kuzika."

"Ukamsaidie zisife."

Mwenzao huyo walimwita Miale. Alikuwa mtu mrefu, mwanafizikia, ana mke na mapacha, na hakuwa na mazungumzo mengine zaidi ya mwanga. Chumba chake kilikuwa na meza nzito ya chuma iliyojaa vioo vidogo vidogo vilivyosimamishwa kwenye vijiti, na mwanga wa leza unapita kutoka kioo hiki kwenda kingine mpaka unaingia kwenye hadubini na kushuka juu ya kisahani chenye seli. Mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Ili uuone, Miale anashika kikadi maalumu, na kidoa kinawaka juu yake.

Wiki za mwanzo wifi alirudi nyumbani amenuna. Alinipigia simu akaniambia, "Nilikuwa fundi. Sasa hivi nabonyeza kitufe kama mtu wa lifti."

"Wa lifti naye anafikisha watu," nikamwambia.

"Wifi, kata simu."

Lakini alikuwa na udadisi, na udadisi ndio uliomshinda kiburi. Alianza kumuuliza Miale maswali. Inakuwaje mwanga utoboe na usichome?

"Ukiuachia muda mrefu, dada, unachoma," Miale akamwambia. "Sisi tunauachia kwa kitambo kifupi hata joto halipati nafasi ya kusambaa. Tunaukusanya kwenye nukta moja, ndogo kuliko seli yenyewe, pale pale ukutani. Tundu linafunguka. Vinasaba tumeshaviweka kwenye maji yanayoizunguka seli, vinaingia na maji. Halafu tundu linajifunga."

"Linajifunga lenyewe?"

"Lenyewe."

"Kwa nini?"

Miale akakuna kichwa. "Hapo ndipo elimu yangu inapoishia. Mimi najua mwanga unavyofika. Ukishafika, ni nyumba ya watu."

Wifi alilipenda jibu hilo. Kuanzia hapo walielewana. Yeye alimfundisha Miale kuitambua seli yenye afya, iliyojinyoosha na kukamata vizuri sakafu ya kisahani, na ile iliyochoka, inayojikunyata na kuwa duara. Miale alimfundisha kulenga, kupandisha na kushusha nguvu ya mwanga, kusoma umbo la nukta. Mkono uliotetemeka haukuwa na neno pale. Alisogeza kishale kwenye skrini kwa kubonyeza vitufe, akachagua mahali, mashine ikashika palepale alipochagua bila kutikisika. Walianza na seli za kawaida za majaribio, zile zinazovumilia taabu, na jeni, yaani kinasaba kimoja, inayozifanya seli zing'ae kijani, ili wajue imeingia au haikuingia. Waliua nyingi. Halafu wakaua chache. Siku moja walitoa kisahani kwenye kabati la joto wakakuta nusu ya walizozitoboa zinang'aa.

Hapo ndipo Profesa alipowaletea kazi yenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja msusi, ana binti wa shule ya msingi aliyezaliwa na ngozi isiyoshikana. Ngozi zetu zina tabaka la juu na la chini, na kati yake kuna protini inayoyashona pamoja. Mwili wa binti yule ulikuwa hautengenezi protini hiyo inavyotakiwa. Akijigonga kidogo anachubuka, akibanwa na kiatu anatoka malengelenge. Mama yake alimvalisha nguo nje ndani, pindo zikiwa upande wa nje, ili nyuzi zisimkwaruze. Watu barabarani walimwambia, mama, mtoto umemgeuzia gauni, naye akawajibu asante na kuendelea na safari.

Jeni inayotoa maelekezo ya protini hiyo ni ndefu mno. Virusi vilivyodhoofishwa, ambavyo watafiti wengi huvitumia kubeba jeni, vinapata shida kubeba mzigo mrefu namna hiyo. Tundu la mwanga halijali sana mzigo una urefu gani. Ndiyo sababu Profesa aliitaka leza. Msusi na bintiye walikubali, hospitali ikachukua kijipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya dengu, na wifi akaanza kuzikuza seli zake.

Zilikua vizuri. Walipozitoboa, zote zikafa.

Miale akashusha nguvu ya mwanga, vinasaba havikuingia. Akapandisha kidogo, zikafa. Akabadilisha urefu wa mpigo, akasafisha vioo, akafumua nusu ya meza na kuipanga upya. Zikafa. Wifi aliacha kuimba. Kaka aliniambia mkewe anakula kama mtu aliyekaa kituoni anangoja basi.

Mwishowe wifi aliamua kutoziacha. Badala ya kuzirudisha kwenye kabati na kuja kuzikagua kesho, alikaa kwenye hadubini baada ya kuzitoboa, akazitazama tu. Akaona kwamba mwanga ukipita, seli haipasuki. Inatulia. Halafu inaanza kuvimba upande mmoja, taratibu, kama puto linalojazwa na mtu asiye na haraka, mpaka inakufa. Akamwita Miale, naye akatazama. Wakamwita Profesa.

"Mwanga hauziui," wifi akasema. "Mwanga umeshaondoka muda mrefu. Zinakufa kwa sababu tundu halifungi."

"Zile za mwanzo zilifunga," Miale akasema.

Profesa alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Seli ikitoboka, inachopata kwanza kutoka nje ni kalsiamu. Kalsiamu ikiingia ndiyo ishara kwamba ukuta umevunjika, na mafundi wa ndani wanakimbilia pale kuziba. Hizi mnazikuza kwenye maji gani?"

Wifi akafumba macho. Maji hayo ya chakula cha seli alikuwa anayachanganya mwenyewe, kila mara, kwa uangalifu wake wote. Seli za ngozi hukuzwa kwenye maji yenye kalsiamu kidogo sana, kwa makusudi, kwa sababu zikipata nyingi zinadhani muda wa kukomaa umefika, zinaacha kugawanyika na kuanza kugeuka ngozi ngumu ya juu. Alikuwa anazilinda. Na kwa ulinzi huo huo zilikuwa zinakosa cha kuzibia.

"Tukiongeza, tutazizeesha," akasema.

"Kuzeeka kunachukua muda gani?" Miale akauliza.

"Saa nyingi. Siku, hasa."

"Na kuziba tundu?"

Profesa akajibu, "Ni suala la dakika chache, au chini ya hapo."

Wakaangaliana wote watatu. Wifi anasema hakuna aliyesema "nimepata". Profesa aliketi, Miale akaanza kucheka peke yake, na yeye akaenda kuchukua chupa. Wangezipa kalsiamu wakati wa kutobolewa tu, zikishajifunga wanaziosha na kuzirudisha kwenye maji yao. Kulieleza ni rahisi. Kulipata sawasawa kuliwachukua msimu mzima, maana kiasi kikizidi kidogo tu, seli inakufa kwa kalsiamu badala ya kufa kwa kukosa.

Asubuhi waliyofanikiwa, wifi aliinama kwenye hadubini akatazama. Kisha akasogeza kiti pembeni ili Miale apite. Miale akatazama, akatoka nje ya chumba, akarudi, akatazama tena. Seli za binti wa msusi zilikuwa hai, zimejinyoosha, na ndani ya nyingi kati yake ile protini ambayo hazikuwahi kuitengeneza ilikuwa inaonekana, imetiwa rangi nyekundu, imezagaa kama taa za mji ukiutazama kutoka mlimani.

Binti na mama yake waliitwa waje kuona. Shule zilikuwa zimefungwa, wifi akanialika na mimi. Tulivishwa makoti meupe, binti akakunjiwa mikono ya koti kwa upole mkubwa, na akawekewa mto kwenye kiti. Aliegemeza uso karibu na skrini.

"Hizo ni zangu?"

"Ni zako," wifi akamwambia.

"Zinaumwa?"

"Zilikuwa zinaumwa. Hizi nyekundu zimejifunza."

"Nani amezifundisha?"

"Tumeziingizia maelekezo. Kujifunza zimejifunza zenyewe."

Binti akafikiri. "Mlizichoma sindano?"

"Tulitumia mwanga."

"Afadhali," akasema, na sote tukacheka, naye zaidi.

Mama yake hakucheka. Alikuwa ameutazama mkono wa wifi, uliokuwa unatetemeka juu ya meza wazi bila kufichwa, kisha akaitazama skrini, kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Lini?"

"Sijui, dada yangu," wifi akajibu. "Hapa ni kwenye kisahani. Kutoka kisahani mpaka mwilini kuna safari, na hatutaki kumjaribia mwanao njia ambayo hatujaijua. Yeyote atakayekutajia tarehe, muulize ameipata wapi."

Nilidhani msusi angevunjika moyo. Alitikisa kichwa kukubali. Akasema ameshapewa tarehe nyingi na watu wengi, na hii ni mara ya kwanza amepewa jibu. Kabla ya kuondoka alimtaka wifi akae kwenye kiti, akafumua nywele zake zilizokuwa zimefungwa vibaya, maana kufunga nywele kulikuwa kumeshaanza kumshinda, akamsuka pale pale maabara mistari mizuri ya kudumu. Profesa alipita akaona, akajifanya hajaona.

Hayo yana miaka kadhaa sasa. Wifi anakunywa dawa zake, na mkono siku nyingine una adabu, siku nyingine hauna. Wenzake walijaribu kumbadilisha jina wamwite Leza, akakataa, akasema yeye si mtoto mchanga wa kubatizwa upya. Mafundi kutoka maabara nyingine huletwa kwake kujifunza, na jambo la kwanza anawafundisha ni kukaa na kutazama seli bila kugusa chochote, mpaka wachoke.

Binti wa msusi sasa ni msichana wa sekondari, mrefu kuliko mama yake. Bado anavaa nguo nje ndani, na kwa kuwa ni msichana wa sekondari, ameifanya ionekane ni mtindo. Jina lake liko hospitali, anangoja. Lakini ngozi iliyokuzwa kutokana na seli zilizotobolewa kwa mwanga imeshapata kibali cha kujaribiwa kwa watu wazima waliojitolea, kijipande kimoja kimoja. Wa kwanza alikuwa mpiga rangi wa nyumba mwenye ugonjwa huo huo. Seli zake mwenyewe zilirekebishwa, zikakuzwa mpaka zikawa utando, na utando huo ukapandikizwa mkononi, chini ya kiwiko.

Miezi ikapita bila lengelenge mahali pale. Profesa alikwenda hospitali kumwona, na aliporudi wote walikuwa wanamngoja kwenye korido, wifi akiwa mbele.

"Anasemaje?" wifi akauliza.

"Anasema panawasha."

Nyuso zikaanguka. Profesa akainua mkono kuwatuliza.

"Anasema panawasha, na amejikuna. Amejikuna kwa kucha, kama mtu yeyote, na hakuna kilichotoka. Anasema tangu azaliwe hajawahi kujua kwamba kujikuna ni raha namna ile."

Miale aliegemea ukuta. Wifi akamwomba Profesa arudie tena, polepole, hapo kwenye kujikuna.